Zana za kujengea programu: ukizigawa kwenye flashi ni halali au ni wizi?

 Naandika kutoka Masieda, huku Mbulu, kwenye baridi na vitunguu saumu.

Leo naomba tuongelee kitu ambacho vijana wengi tunaocheza na kompyuta tunakiruka kama vile hakituhusu. Kitu chenyewe ni leseni. Sizungumzii ile ya bodaboda, hapana. Nazungumzia yale maandishi marefu ambayo ukifunga programu yanatokea, na wewe unabonyeza "nakubali" bila hata kusoma mstari mmoja.

Nimeamua kuandika kwa sababu naona kuna imani mbili zinazotembea mitaani, na zote mbili zinatuumiza. Ya kwanza inasema kila kitu kilichopo mtandaoni bila bei ni shamba la bibi: chukua, gawa, uza, badilisha jina, hakuna wa kukuuliza. Ya pili ni kinyume chake kabisa. Inasema ukitengeneza programu kwa kutumia zana za bure, basi kazi yako nayo lazima iwe ya bure, huna haki ya kuiuza.

Hiyo ya pili imenigusa mfukoni. Nilitengeneza kaprogramu kadogo ka kutunza hesabu kwa mnunuzi mmoja wa vitunguu saumu, jina lake nalihifadhi. Kazi imekwisha, imejaribiwa, inafanya vizuri. Siku ya malipo "mtaalamu" wake akamwambia hii imejengwa kwa vitu vya bure, kwa hiyo si mali ya huyu kijana, anakuuzia kitu cha Wamarekani. Malipo yakakwama wiki mbili. Ilibidi nikae na jamaa na karatasi, nimweleze moja baada ya nyingine. Akaelewa, akalipa. Nilivyomweleza yeye ndivyo nitakavyowaeleza ninyi, na nitaongeza upande wa kugawa, maana huko ndiko kwenye mambo mengi.

Mimi ni mtu wa kidato cha nne, si mwanasheria. Lakini leseni hizi zimeandikwa ili mtumiaji azisome, na nimezisoma. Ukiwa na jambo kubwa la kibiashara, muone mwanasheria.

ZANA ZA KUJENGEA NI KITU GANI?

Kwa wale ambao si watu wa kompyuta: programu huanza kama maandishi. Mtu anaandika maelekezo kwa lugha kama C au Java, na maandishi hayo tunayaita msimbo chanzo. Kompyuta haiwezi kuyatumia hivihivi. Inabidi yageuzwe, yaunganishwe na vipande vingine, yafungashwe, ndipo upate kile kitu unachobonyeza mara mbili kikafunguka. Hiyo kazi ya kugeuza na kufungasha ndiyo kujenga, na programu zinazoifanya ndizo zana za kujengea.

Zipo nyingi na zina historia ndefu. Make ilitengenezwa na Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976. GCC, inayogeuza msimbo wa C, ilianzishwa na Richard Stallman na ikatoka mara ya kwanza mwaka 1987. Kwenye Java tuna Ant, iliyotoka mwaka 2000, halafu Maven, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004. Wanaotengeneza programu za simu za Android wanaijua Gradle.

Karibu zote hizo ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi na unaruhusiwa kuutumia, kuubadilisha na kuugawa. Ila zingatieni neno "unaruhusiwa". Anayeruhusu ni mwenye hakimiliki, na ameruhusu kwa masharti. Masharti hayo ndiyo leseni.

PLAU SI MAHINDI

Tuanze na lile swali la mnunuzi wa vitunguu. Huku kwetu mtu asiye na plau anaazima kwa jirani. Analima, anapanda, anavuna. Je, jirani akija wakati wa mavuno anaweza kusema mahindi yote ni yake kwa sababu plau ilikuwa yake? Kijiji kizima kitamcheka. Plau ni yake, mahindi ni ya aliyelima.

Zana za kujengea ni hivyohivyo. Leseni ya zana inahusu zana. Ukijenga programu yako kwa Maven, Maven inabaki na leseni yake na programu yako inabaki yako, na wewe ndiye unayechagua leseni yake. Unaweza kuiuza, unaweza kuifunga, unaweza kuifanya huria.

Mfano tunao hapahapa. Takwimu za vituo vya afya Tanzania, zile za MTUHA, zinaingizwa kwenye mfumo unaoitwa DHIS2. Mfumo huu unasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki sana kuufanyia kazi hapa nchini. Seva ya DHIS2 hujengwa kwa Maven. Maven ina leseni ya Apache. DHIS2 yenyewe ina leseni ya BSD. Mnaona? Zana ina leseni yake na kilichojengwa kina yake.

Nenda Kenya. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao mizizi yake iko Eldoret tangu mwaka 2004, nao hujengwa kwa Maven, lakini leseni yake ni ile ya Mozilla. Kwa hiyo yule "mtaalamu" angekuwa sahihi, hata OpenMRS isingeweza kuchagua leseni yake yenyewe.

LAKINI ANGALIA ULICHOPANDA

Sasa hapa ndo watu wanateleza. Plau haiingii kwenye mahindi, ila mbegu inaingia. Kwenye programu, mbegu ni maktaba, yaani vipande vya msimbo wa watu wengine unavyoviweka ndani ya kazi yako. Hivyo havibaki karakana. Vinasafiri na programu mpaka kwa mteja, na leseni zake zinasafiri navyo.

Nipe mfano wa kawaida kabisa. Vijana wengi wanatengeneza programu ya duka kwa Java na MySQL. Ili Java iongee na MySQL unaweka kipande kinaitwa MySQL Connector/J. Hicho kina leseni ya GPL toleo la 2, na ina msamaha maalumu kwa programu ambazo zenyewe ni huria. Ukikifungasha ndani ya programu uliyoifunga na kuiuza bila msimbo, umejiingiza kwenye mgogoro na mwenye hakimiliki, ambaye anauza pia leseni ya kulipia kwa watu wa aina yako. Anayetaka kufunga programu yake ana njia nyingine. PostgreSQL ina kiunganishi chenye leseni ya BSD. Au tumia SQLite, ambayo waandishi wake waliiachia umma kabisa, haina hata hakimiliki wanayoidai. Mimi kwa mnunuzi wa vitunguu nilitumia SQLite.

Halafu kuna zana chache ambazo ni kama plau inayoacha kipande cha chuma shambani. Bison ni mfano mzuri. Ukiipa maelezo ya lugha inakuandikia msimbo, na ndani ya msimbo huo inaweka kipande kikubwa cha msimbo wake yenyewe. Kabla ya toleo la 1.24, kilichotengenezwa na Bison kiliruhusiwa kutumika kwenye programu huria tu. Baadaye wenyewe wakaongeza ruhusa ya ziada, na leo unaweza kukiweka hata kwenye programu iliyofungwa.

GCC nayo iko hivyo. Ukigeuza msimbo wa C, ndani ya programu yako kunaweza kuingia vipande vidogo vya GCC vinavyoisaidia kukimbia. Kama vingekuwa na GPL tupu, programu zote za dunia zilizojengwa kwa GCC zingefungwa na GPL. Ndiyo maana vina ruhusa ya ziada, ambayo tangu mwaka 2009 imeandikwa kama waraka wa peke yake. Kwa matumizi ya kawaida hainyimi mtu chochote.

Kwa hiyo zana ikiacha kipande chake ndani ya kazi yako, tafuta kama kuna ruhusa ya ziada. Zana kubwa nyingi zinayo. Zana ndogo iliyoandikwa na mtu mmoja inaweza kukosa, basi isome.

SASA TUJE KWENYE FLASHI

Mpaka hapo tulikuwa tunaongelea kutumia. Kugawa zana yenyewe ni jambo jingine, na kwetu sisi wa vijijini ndilo kubwa kuliko yote.

Manake hali halisi tunaijua. Android Studio peke yake ni zaidi ya GB 1 kabla hujaongeza SDK. Kwa bando letu hili, kijana mmoja akiipakua ni habari. Anapanda bodaboda mpaka Haydom au Dongobesh kutafuta mtandao unaoeleweka, anapakua, anarudi, na baada ya hapo flashi ndiyo intaneti yetu. Inatoka kwa huyu inaenda kwa yule. Wengine wanatoza 2,000 au 3,000 kwa kunakili. Je, huo ni wizi?

Jibu ni kwamba inategemea ni zana ipi. Nimezigawa kwenye makundi manne.

Kundi la kwanza: BSD na MIT. Hizi ni leseni fupi, nyingine hazizidi nusu ukurasa. CMake ina BSD. Masharti ni mepesi: nakili, gawa, uza, badilisha, ila usiondoe maandishi ya hakimiliki na leseni. BSD yenye vipengele vitatu inaongeza kwamba usitumie majina ya waliotengeneza kuitangaza bidhaa yako. Kwa mtu wa flashi maana yake ni usifute lile faili la leseni, basi.

Kundi la pili: Apache 2.0. Humo wamo Ant, Maven na Gradle. Leseni hii ilitoka Januari 2004. Unaruhusiwa kugawa na kutoza. Masharti yako kwenye kipengele cha 4: umpe unayemgawia nakala ya leseni, ubakize maandishi ya hakimiliki, kama kuna faili la NOTICE liende pamoja, na kama umebadilisha mafaili uandike kwamba umebadilisha. Kipengele cha 6 kinakukataza kutumia majina na alama zao za biashara. Huwezi kuibadilisha Maven halafu ukaiuza kama "Apache Maven ya Manyara". Ukilinakili lile faili la zipu la Maven kama lilivyo, halifiki hata MB 10 na ndani yake LICENSE na NOTICE zimo. Umetimiza masharti bila jasho.

Wanaotumia Gradle kuna kitu kimoja cha ziada. Mradi wako unakuwa na mafaili yanayoitwa gradlew na gradle-wrapper.jar. Hayo si ya kwako, ni vipande vya Gradle vinavyokaa ndani ya mradi. Ukimpa mtu mradi umemgawia na hivyo. Juu ya gradlew kuna maandishi ya leseni ya Apache. Usiyafute ili "pasafishike".

Kundi la tatu: GPL. Humo wamo Make, GCC na Bison, na pia OpenJDK, ambayo ndiyo Java huria. Hapa watu wanaogopa bure. GPL haikatazi kuuza. Toleo la 3 linasema wazi kwamba unaweza kutoza bei yoyote kwa nakala, au usitoze kabisa. Inachodai ni kwamba unayempa programu iliyojengwa umpe na njia ya kupata msimbo chanzo wake, wa toleo lilelile, na usimkataze naye kugawa.

Wazee wetu wanaelewa hili kuliko sisi. Ukimtunzia mtu ng'ombe wake, maziwa unakunywa, samadi unatumia, lakini ndama hufuata ng'ombe. Huwezi kusema ndama amezaliwa zizini kwangu kwa hiyo ni wangu. GPL ni hivyo: ukiibadilisha GCC na kuigawa, mabadiliko yako nayo yanafuata leseni ileile.

Njia za kutimiza sharti la msimbo ziko kadhaa. Unaweza kutoa ahadi ya maandishi kwamba kwa muda usiopungua miaka mitatu utampa msimbo atakayeuomba. Mimi sipendi hiyo, nani ana uhakika na miaka mitatu? Njia nyepesi ni kuweka msimbo kwenye flashi hiyohiyo. Msimbo wa Make uko kama MB 2 tu. Wa GCC ni kama MB 90 kwa matoleo ya karibuni. Kwenye flashi ya GB 16 hiyo ni tone. Angalieni hasa wale mnaogawa Code::Blocks yenye MinGW ndani, maana mle kuna GCC na Code::Blocks yenyewe ni GPL. Wengi tunagawa kile cha kufunga tu na msimbo tunauacha mtandaoni.

Kundi la nne: vya bure visivyo huria. Hapa ndipo penye mtego, kwa sababu vinafanana na vya juu.

Mfano mkubwa ni Android SDK. Msimbo wa Android wenyewe ni huria, sehemu kubwa iko chini ya Apache 2.0. Kila mtu anajua hivyo, kwa hiyo anadhani SDK anayoipakua kwa Google iko hivyohivyo. Kumbe siyo. SDK ina mkataba wake, na mkataba huo unakataza kunakili isipokuwa nakala ya akiba, unakataza kubadilisha, na unakataza kugawa. Vipande vya huria vilivyomo ndani vinafuata leseni zake vyenyewe, lakini furushi zima huruhusiwi kuligawa. Programu unazojenga nazo ni zako, hilo halina shida. Shida ni kumnakilia jirani lile folda.

Java ya Oracle nayo. Mwaka 2019 Oracle walibadilisha masharti, matoleo mapya ya Java 8 yakawa ya kulipia kwa matumizi ya kibiashara. Septemba 2021, Java 17 ikaja na masharti mapya yanayoruhusu kutumia bure na hata kugawa ikiwa haijabadilishwa, lakini kwa sharti kwamba usitoze pesa kwa kugawa. Kwa hiyo yule anayechukua 3,000 kwa flashi yenye Java ya Oracle amevuka mstari, wakati mwenzake mwenye OpenJDK na msimbo wake yuko salama kwa bei hiyohiyo. Java ni ileile kwa kazi ya kawaida. Tofauti ni karatasi.

Visual Studio Code ni vilevile. Msimbo una leseni ya MIT, ila ile unayopakua kwa Microsoft ina leseni nyingine inayokataza kuigawa. Wapo watu wanaojenga kutoka msimbo uleule na kutoa VSCodium, ambayo inabaki na MIT. Hiyo ndiyo ya kuweka kwenye flashi.

FOLDA LA .m2

Hili naliweka peke yake kwa sababu kila mtu wa Java kijijini analo na hakuna anayeliangalia. Maven ikifanya kazi inapakua maktaba na kuziweka kwenye folda linaloitwa .m2. Kwa kuwa bando ni ghali, tunalinakili folda zima na kumpa mwenzetu ili aweze kujenga bila mtandao. Wazo ni zuri. Lakini mle kuna mamia ya maktaba za watu mbalimbali, na kila moja ina leseni yake.

Nyingi ni Apache, MIT au BSD, hazina kelele. Ila ukikuta zile za Google Play Services, zinazotumiwa na watu wa Android, hizo ziko chini ya mkataba uleule wa SDK. Ukitaka kujua, karibu na kila maktaba kuna faili lenye mwisho wa .pom. Lifungue kwa Notepad, tafuta neno "license". Mara nyingi utakuta jina la leseni limeandikwa hapo, na lisipokuwepo liko kwenye faili mama linalotajwa humo juu. Dakika moja tu.

FLASHI YANGU INAKAAJE

Watu wameniuliza, basi nawaorodheshea:

1. Java: natumia Eclipse Temurin, ambayo ni OpenJDK, pamoja na msimbo wake ambao wenyewe wanautoa pia.
2. Maven: zipu lake kama lilivyotoka Apache, silifungui wala kuondoa kitu.
3. GCC na Make: zilizojengwa ziko folda moja, msimbo wa matoleo yaleyale uko folda la pembeni.
4. CMake na VSCodium: kama zilivyo, na mafaili yao ya leseni.
5. Faili moja la maandishi nililoandika kwa Kiswahili: hiki ni nini, toleo gani, leseni gani, nimekipata wapi, na kwamba nawe unaruhusiwa kugawa.

Android SDK siigawi. Anayetaka namsindikiza kwenye mtandao, anapakua mwenyewe na kubonyeza makubaliano mwenyewe. Kwa wanaotumia Debian au Ubuntu, kuna vifurushi vya zana za Android vilivyojengwa na watu wa Debian kutoka kwenye msimbo huria. Matoleo yake huwa nyuma, ila kwa kujifunza yanafaa na kuyagawa ni ruksa kwa masharti ya leseni zake.

"KWANI NANI ATANIKAMATA HUKU PORINI?"

Najua kuna mdau ameshaanza kuandika hivyo. Tuwe wakweli, sitarajii gari la Google lipande huku kuja kukagua flashi. Lakini jamani, tusijidanganye kwamba sheria haipo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na COSOTA ndiyo ofisi inayohusika. Wala msidhani leseni za huria hazina meno. Mwaka 2008 kule Marekani mahakama ya rufaa iliamua kesi ya Jacobsen na Katzer, kuhusu programu huria ya kuendeshea treni za kuchezea. Mahakama ikasema masharti ya leseni kama ile, hata kama programu inatolewa bila bei, ni masharti ya kweli, na kuyakiuka kunaweza kuwa kuvunja hakimiliki.

Ila sababu yangu kubwa si woga wa mahakama. Iko hivi. Mwaka 2004 kundi la Kilinux, lililofanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakumpigia mtu magoti. Leseni ilikuwa imeshasema: chukua, badilisha, gawa. Wakatafsiri, wakagawa. Haki ya kugeuza kitu kiwe cha Kiswahili ilikuwa ndani ya maandishi yaleyale ambayo sisi tunayafuta ili flashi ipate nafasi.

Ukimpa mtoto wa kidato cha pili GCC bila leseni na bila msimbo, umempa mashine iliyofungwa. Hajui kama anaruhusiwa kumpa rafiki yake. Hajui kwamba anaweza kufungua ndani aone ilivyoandikwa. Kesho mtu mzima akimwambia "hiyo ni ya wizi" hana karatasi ya kumjibu. Ukimpa na leseni, ana karatasi. Mimi iliniokoa malipo yangu: nilimwonyesha mnunuzi leseni ya Maven, nikamwonyesha maelezo ya SQLite, mabishano yakaisha.

Na ule upande wa pili, wa kazi unazotengeneza wewe: andika leseni yako. Programu isiyo na leseni yoyote si huria, hata ukiiweka wazi mtandaoni. Kisheria haki zote zimebaki kwako na mwenzako haruhusiwi kuigusa. Ukitaka watu watumie, sema. Ukitaka kuuza, sema pia, na mpe mteja mkataba hata wa ukurasa mmoja.

Basi kabla hujanakili folda lolote, fungua kwanza faili linaloitwa LICENSE au COPYING. Ukiliona, soma mistari kumi ya mwanzo ujue ni kundi gani kati ya yale manne. Usipoliona kabisa, usigawe mpaka ujue.

Wenye zana ambayo sijaitaja na hamna uhakika nayo, andikeni jina na toleo kwenye maoni hapo chini, tutaisoma pamoja. Na kama kuna mwanasheria anapita humu akaona nimepinda mahali, aninyooshe bila kuona haya.

Nawasilisha.